Kumwuliza Tabibu kwa Barua

Ndugu msomaji, mara nyingi twasikia watu wakisema kwamba kutaka shauri la tabibu aliye mbali ni jambo lililozuka katika zama zetu hizi. Mtu wa Mombasa au wa Lamu akipatwa na maradhi huchukua simu yake, akamweleza jamaa yake aliyeko ng'ambo. Naye akamwuliza tabibu wa huko, na jawabu ikarudi kabla ya Isha. Lakini kilicho kipya hapo ni chombo tu. Jambo lenyewe ni la kale sana. Kwa karne nyingi watu walikuwa wakiyaandika maradhi yao katika karatasi, wakaipeleka karatasi hiyo kwa tabibu wasiyemwona wala yeye asiwaone, kisha wakangoja siku nyingi, na pengine miezi, mpaka rai yake iwarudie. Katika somo letu la leo tumependa kuitazama desturi hiyo, na khasa mambo mawili: vipi tabibu aliweza kumtibu mtu asiyemshika mkono, na lipi lililompasa mgonjwa alipokuwa akiandika.

La kwanza la kufahamu ni kuwa tibabu ya zamani haikutegemea kuupekua mwili kama inavyotegemea ya leo. Matabibu wa Kiyunani, na waliowafuata katika Waislamu na katika Wazungu, walishika kwamba ndani ya mwili wa mwanadamu mna vitu vinne vya majimaji: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Vikiwa sawa, mtu ni mzima. Kimoja kikizidi au kikiharibika, ndiyo maradhi. Leo imekwisha julikana kuwa sivyo, lakini rai hiyo ilitawala zaidi ya miaka elfu, na ndiyo iliyoifungua njia ya barua. Kwani walisema kuwa mizaji ya mtu hubadilika kwa umri wake, kwa nchi akaayo, kwa msimu, kwa chakula, kwa usingizi, kwa kazi, kwa furaha na kwa huzuni. Basi tabibu aliyetaka kujua kilichoharibika alikuwa na haja zaidi ya kuyasikia maisha ya mgonjwa kuliko kumtazama. Na maisha ya mtu yaandikika.

Ni kweli kwamba tabibu alishika mshipa wa mkono, na aliutazama mkojo. Lakini hata mkojo ulisafiri: ulitiwa katika chupa ya kioo iitwayo qarura, mtumishi akaichukua mpaka kwa tabibu, naye akaiinua penye mwanga akapima rangi, uzito na mashapo yake. Hapo ndipo walipoingia wenye kubahatisha. Walikuwako watu waliodai kujua kila kitu kwa kuitazama chupa tu, bila ya kuuliza neno: jina la maradhi, umri wa mgonjwa, na kama ataishi au atakufa. Huko Uingereza mtu aitwaye Thomas Brian alitoa kitabu mwaka 1637 cha kuwafedhehesha watu hao. Sisi twaona kuwa aliyetuma chupa bila ya maelezo hakutaka tabibu, alitaka mpiga ramli. Na watu wa namna hiyo hawakwisha mpaka leo.

Mfano tuuonao kuwa bora kuliko yote ni wa Misri na Sham, mwishoni mwa karne ya 12. Sultani Salahuddin al-Ayyubi alipofariki Damascus mwaka 1193 (589 Hijria), mwanawe mkubwa, al-Malik al-Afdal, ndiye aliyeurithi mji huo. Hakukaa nao. Mwaka 1196 ami yake al-Adil na nduguye al-Aziz walimtoa. Al-Aziz alipokufa mwaka 1198 al-Afdal aliitwa Misri kuushika utawala kwa niaba ya mtoto wa nduguye, na mwaka 1200 akatolewa tena na ami yake yule yule. Tumeyataja haya kwa sababu mgonjwa huyu hakuwa akiugua tumbo peke yake. Alikuwa akilalamika kufunga choo na chakula kutosagika, lakini pamoja na hayo alipatwa na mawazo mabaya, unyonge wa moyo na khofu ya mauti. Kijana aliyezaliwa mwana wa Salahuddin, na ambaye kila alichokishika kiliponyoka mkononi, akamwandikia tabibu amwondolee huzuni.

Tabibu huyo alikuwa Musa bin Maimun, Myahudi aliyezaliwa Qurtuba katika Andalus na kuhamia Misri. Alikaa Fustat, na alikuwa tabibu wa al-Qadi al-Fadil, waziri wa Salahuddin. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake mwaka 1199 ameeleza siku yake ilivyokuwa: kila asubuhi hupanda mnyama wake kwenda Cairo kwenye jumba la sultani, hurudi baada ya adhuhuri hali ana njaa, akazikuta baraza zake zimejaa watu, wakubwa kwa wadogo, Mayahudi na wasiokuwa Mayahudi. Huosha mikono akawaomba radhi wamngojee ale kidogo, nacho ndicho chakula chake cha mchana na usiku, kisha huwatibu mpaka usiku uingie, na mwisho husema nao hali amelala chali kwa uchovu. Mtu huyu ndiye aliyepata wasaa wa kumwandikia al-Afdal kitabu kizima, kwa Kiarabu, juu ya kuihifadhi afya.

Kitabu hicho kina milango minne. Wa kwanza ni wa mambo yawafaayo watu wote, na humo mna neno ambalo twapenda kila mwenye nyumba alisikie. Asema kuwa lau mtu angejitunza nafsi yake kama anavyomtunza mnyama wake ampandaye, angeepukana na maradhi mengi. Kwani mnyama humpimia majani yake na humtembeza kwa kiasi, ama yeye mwenyewe hula bila ya kipimo na hukaa bila ya kutikisika. Mlango wa pili ni wa mtu aliye mahali pasipo tabibu, au penye tabibu asiyeaminika. Humo ameitaja rai ya Abu Bakr ar-Razi: nguvu za mgonjwa zikiyashinda maradhi, tabibu hahitajiwi, maradhi yakizishinda nguvu za mgonjwa, tabibu hafai kitu, zikiwa sawa, hapo ndipo ahitajiwapo kuzisaidia nguvu za mgonjwa. Shauri la Ibn Maimun ni kwamba mtu akikosa tabibu mwenye elimu, ni salama zaidi kuiachia tabia ya mwili ifanye kazi yake kuliko kujitia mikononi mwa mjinga. Tazama jinsi lilivyo shauri zito hilo kwa mtu aliye mbali, ambaye hajui watu gani watamzunguka mgonjwa wake barua itakapofika.

Mlango wa tatu ndio wa al-Afdal mwenyewe. Hapo tabibu anazitaja dawa za tumbo na vyakula vya kulainisha choo, lakini hasimami hapo. Ameeleza kwamba mambo ya nafsi huugeuza mwili mbele ya macho: utamwona mtu mwenye nguvu, sauti yake kubwa na uso wake unang'aa, akafikiwa na khabari ya msiba, mara uso ukasawijika, sauti ikafifia, mgongo ukainama, akataka kusimama asiweze. Na utamwona mnyonge akafikiwa na khabari ya furaha akawa kinyume cha hayo. Kwa hivyo, asema, haifai tabibu kutanguliza jambo lolote mbele ya kuituliza nafsi ya mgonjwa. Kisha akamwongoza sultani kuzifikiri khasara za dunia: mara ngapi mtu amepata mali au cheo kikawa sababu ya kuangamia kwake, na mara ngapi amekosa kitu, na kukikosa kule kukawa ndiko kuokoka kwake. Amesema hayo kwa mtu aliyepokonywa Damascus. Hakuitaja Damascus hata mara moja katika maneno hayo, wala hakuwa na haja.

Mambo hayakwisha hapo. Karibu na mwaka 1200 al-Afdal aliandika tena, na safari hii Ibn Maimun naye alikuwa mgonjwa, hakuweza kwenda. Sultani alizieleza dalili zake moja moja, na pamoja nazo akaambatisha rai za matabibu waliokuwa karibu naye, ambao walikhitilafiana. Basi tabibu wa mbali akawa kama kadhi. Akaichukua kauli moja baada ya moja: hii ni sawa, na sababu yake ni hii, hii siikubali, na dhara yake ni hii, na hii yafaa wakati fulani, si kila wakati. Mwisho akampangia siku yake, tangu kuamka mpaka kulala: wakati wa kupanda farasi, wakati wa kupumzika, wakati wa kula, mpaka mwimbaji wa kumliwaza usiku, apunguze sauti kidogo kidogo hadi usingizi umchukue.

Katika nasaha hizo alitaja pia matumizi ya mvinyo. Yeye ni Myahudi, anayeandikiwa ni sultani wa Kiislamu, na barua itasomwa mbele ya watu. Angeweza kunyamaza, au kulifichaficha jambo hilo kwa jina jingine. Hakufanya hivyo. Aliandika wazi kwamba anajua kuwa dini inaukataza, na inayachukia hayo mambo ya waimbaji. Akaomba asilaumiwe, kwa kuwa hakuamrisha litendwe, amelitaja tu lile linalosemwa na elimu yake. Tabibu, kwa kauli yake, humweleza mgonjwa lenye manufaa ya mwili, liwe halali au haramu, kisha khiyari ni ya mgonjwa, atende au aache.

Hukumu ya kujitibu kwa kilichoharimishwa wanavyuoni wamekwisha ieleza mahali pake, wala hatutaki kuifungua mlango hapa. Tutakalo lionekane ni uaminifu wa mwenye kuulizwa. Aliye mbali ana fursa kubwa ya kusema yampendezayo muulizaji, kwa kuwa hataonana naye uso kwa uso wala hatamwona akidhurika. Na muulizaji naye ana fursa ya kuficha. Al-Afdal hakuficha, alieleza mpaka mambo ya faragha yake. Katika tibabu ya barua macho ya tabibu ni ulimi wa mgonjwa. Akisema uwongo amempofusha tabibu wake kwa mkono wake mwenyewe. Na bila shaka ilikuwa taabu kwa mtu wa cheo kuandika kwamba anaogopa kufa, na kuyakabidhi maneno hayo kwa mjumbe.

Kwani barua za siku hizo zilipita mikono mingi. Dola za Kiislamu zilikuwa na posta yao iitwayo barid, yenye vituo na wanyama wa kubadilishana, lakini hiyo ilikuwa ya kazi za utawala, si ya kila mtu. Raia alimpa barua mfanyabiashara au msafiri aliyemwamini. Wazee wetu wa mwambao waliyajua vyema haya, kwani aliyetuma barua Arabuni kwa jahazi lililotoka na kusi alijua kwamba jawabu haitazamiwi kabla ya kaskazi. Maradhi hayangoji pepo.

Kwa sababu hiyo desturi hii haikuenea sana kwa watu wasio wafalme na mawaziri mpaka zilipopatikana posta za kawaida. Ulaya jambo hilo lilifika kileleni katika karne ya 18. Huko ilikuwa ni desturi iliyokubalika, wala si ya dharura, kwa mtu mwenye uwezo kumwandikia tabibu mashuhuri wa mji mwingine au wa nchi nyingine, na kumlipa kwa jawabu yake. Wawili miongoni mwa matabibu hao yafaa watajwe.

Wa kwanza ni Samuel-Auguste Tissot, wa Lausanne katika nchi ya Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1728 na kufa mwaka 1797. Mwaka 1761 alitoa kitabu cha kuwanasihi watu wa kawaida juu ya afya zao, kikafasiriwa kwa lugha nyingi. Alikikusudia kwa watu wa mashamba wasiokuwa na tabibu, na kwa wale waliowasaidia, kama mapadre wa vijijini na waalimu wa skuli. Tissot alijua kwamba mtu anayetumwa kwa tabibu kumsemea mgonjwa mara nyingi hajui la kusema zaidi ya kwamba fulani ni mgonjwa sana. Basi akaandika kitabuni maswali ambayo kila anayetaka shauri la tabibu yampasa awe na majibu yake. Mgonjwa ana umri gani? Kabla ya hapo alikuwa mzima? Maisha yake ni ya namna gani? Ameugua tangu lini, na maradhi yalianzaje? Ana homa? Mshipa wake wapiga kwa ugumu au kwa ulaini? Nguvu zake bado ziko? Hushinda kitandani au hutoka? Ana maumivu ya kichwa, koo, kifua, tumbo, kiuno? Ulimi ni mkavu? Ana kiu? Choo chake kikoje, na mkojo wake, na usingizi wake? Wanawake wana maswali yao, na watoto wana yao: meno mangapi yameota, wamekwisha patwa na ndui, wametoa minyoo?

Msomaji akiyatazama maswali hayo ataona kuwa hayana elimu ngumu ndani yake. Mama yeyote wa nyumba aweza kuyajibu. Lakini ni wangapi katika sisi waendao hospitali leo, wakaulizwa uchungu umeanza lini, wakajibu "zamani"? Na ni wangapi wampelekao mzee wao, wasijue ni dawa gani anazokunywa? Mkulima wa Uswisi wa mwaka 1761 alitakiwa ajue zaidi ya hayo.

Barua zaidi ya 1,000 alizoandikiwa Tissot zimehifadhiwa Lausanne hata leo. Ndani yake mna mambo ambayo waandishi wake wasingeweza kuyasema uso kwa uso, na hiyo ilikuwa faida moja ya karatasi: haikutazami usoni. Lakini si kila mgonjwa aliandika mwenyewe. Mume alimwandikia mkewe, baba alimwandikia binti yake, padre alimwandikia jirani. Hapo khabari hupungua kila ipitapo kinywa, na zaidi khabari za wanawake, ambao wengi wao maradhi yao yaliandikwa kama wanaume wao walivyoyaona.

Wa pili ni William Cullen, Mskoti, aliyezaliwa mwaka 1710, akasomesha katika chuo cha Edinburgh tangu mwaka 1755, na kufa mwaka 1790. Alikuwa mwalimu mashuhuri wa tibabu katika zama zake, na wanafunzi wake walitawanyika dunia nzima, kwa hivyo barua zilimjia kutoka Uskoti, Uingereza, Ireland, na mpaka Marekani na visiwa vya Karibi. Nyingi hazikutoka kwa wagonjwa bali kwa matabibu wenyewe, walioshindwa na kazi wakamtaka mkubwa wao awape rai. Cullen alikuwa mtu wa mpango. Kila jawabu aliyoitoa aliwekewa nakala: kwanza kwa mkono wa karani, na tangu mwaka 1781 kwa mashine ya kunakili iliyobuniwa na James Watt, yule yule wa mashine za mvuke. Barua iliyoandikwa kwa wino maalumu iligandamizwa juu ya karatasi nyembamba iliyotiwa unyevu, maandishi yakahamia kinyumenyume, yakasomwa kwa upande wa pili wa karatasi ile. Kwa hivyo twaweza leo kumsoma muulizaji na muulizwa pamoja, jambo ambalo ni adimu, kwani kwa kawaida jawabu ya tabibu hubaki kwa mgonjwa ikapotea naye. Barua hizo, ambazo jumla yake ni zaidi ya 5,000, zimo katika maktaba ya jumuiya ya matabibu ya Edinburgh.

Na alikuwa akiwaambia nini? Mara nyingi ni yale yale ya Ibn Maimun: kula kwa kiasi, kupanda farasi, kuvaa nguo za kufaa, kuoga, kulala kwa wakati, na juu ya hayo dawa moja au mbili zilizoandikwa kwa Kilatini ili muuza dawa wa huko azichanganye. Dawa nyingi za wakati huo hazikuwa na faida, na baadhi zilidhuru, kama kutoa damu na kutumia zebaki. Twadhani aliyepata nafuu kwa barua za Cullen aliipata zaidi kwa chakula na kwa kutembea kuliko kwa yale ya Kilatini.

Kisa cha Samuel Johnson chaonesha uzuri wa desturi hii na unyonge wake pamoja. Johnson ndiye mtungaji wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza ya mwaka 1755. Mapema mwaka 1784, akiwa London na umri wake miaka 74, alikuwa akisumbuliwa na pumzi na kujaa maji mwilini. Alimwandikia sahibu yake James Boswell, aliyekuwa Uskoti, amwulizie matabibu wa huko. Mwezi wa Machi Boswell akawaandikia kadhaa, Cullen akiwa mmoja wao, na wote wakajibu kwa adabu na moyo mwema. Matabibu wakubwa wa mji mzima walimfikiri mtu mmoja aliye mbali nao safari ya siku kadhaa. Lakini walikuwa na nini cha kumpa? Moyo wake ulikuwa umechoka, na hapakuwa na barua iwezayo kuusikia. Johnson alikufa mwezi wa Disemba mwaka huo huo.

Iliyoiondoa desturi hii si posta, kwani posta ilizidi kuwa rahisi: Uingereza ilipotoa stempu ya peni moja mwaka 1840, mtumaji akawa ndiye alipaye, na kwa thamani ndogo, ambapo zamani kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa. Iliyoiondoa ni elimu yenyewe ya tibabu kugeuka. Mwaka 1816, katika hospitali ya Paris, tabibu René Laennec alijiwa na mwanamke kijana mwenye dalili za maradhi ya moyo. Ilikuwa si adabu kuweka sikio lake juu ya kifua cha mwanamke huyo, basi alichukua karatasi akaizungusha kama bomba, upande mmoja akauweka kifuani na wa pili sikioni, akausikia moyo waziwazi kuliko alivyopata kuusikia. Kutokana na hapo akatengeneza bomba la mti, nacho ndicho chombo ambacho matabibu wa leo hukivaa shingoni. Baada yake zikaja thermometa za kupima homa kitandani, darubini za kutazama damu, na mengineyo. Kila chombo kilichozidi kilimtaka mgonjwa aje mwenyewe na mwili wake, na maelezo yake yakawa mafupi zaidi, mpaka ikawa tabibu husema naye dakika chache tu kisha akampeleka kwenye mashine.

Sasa picha za mifupa na majibu ya damu hupelekwa kutoka mji hadi mji kwa muda mfupi, na tabibu wa Nairobi aweza kuzisoma za mgonjwa aliyeko Lamu. Lakini maswali ya Tissot hayajibiwi na picha, na mwenye kuyajibu ni yule yule aliyekuwa akiyajibu tangu siku za al-Afdal.